Kwa Nini Orioles Walimwachia Stowers? Hesabu ya Nafasi 40

Swali la msomaji: Mimi ni Mkenya, naishi Baltimore. Besiboli nilianza kuifuatilia kwa ajili ya kijana wangu, siku hizi mimi ndiye ninayemkumbusha saa ya mechi. Tarehe 13 Julai 2025 tulikuwa Camden Yards, uwanja wa Orioles, timu yetu ya hapa. Kyle Stowers wa Miami akatupiga homurani tatu (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja) siku hiyo moja. Kijana akaniuliza, "Baba, si huyu alikuwa wetu?" Nikakosa jibu. Kwa nini Orioles waliwapa Miami yeye na Connor Norby, wakamchukua kutoka huko mrushaji Trevor Rogers aliyekuwa anachapwa? Kwa nini hawakumweka tu Norfolk, kwenye timu yao ya ligi ya chini, asubiri zamu yake? Na kuna watu wanazungumzia "nafasi 40" kana kwamba kila mtu anaijua. Nieleze pia kama wale vijana wa Uganda waliosajiliwa na Dodgers wa Los Angeles wamo kwenye hizo 40.

Jibu: Ndugu msomaji, pole kwa Jumapili ile. Nakujibu kwa urefu, maana alichouliza kijana wako ndicho kinachotukosesha usingizi sisi tunaochambua vikosi: klabu inamwachaje mtu ambaye inajua ana mkono wa kupiga? Orioles hawakumwona Stowers kuwa hafai. Walikuwa na wapigaji wengi kuliko nafasi, na mpigaji asiye na nafasi thamani yake hushuka kila mwezi unaopita, hata kama kipaji chake kipo palepale. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata.

Tuanze na hizo namba. Wachezaji 26 ndio walio tayari kucheza siku ya mechi. Septemba wanaongezwa wawili. Juu ya hao 26 kuna orodha pana zaidi ya watu 40, yaani hao wenyewe pamoja na wengine 14 ambao klabu imewalinda kwa mkataba wa ligi kuu, ingawa wanacheza ligi za chini au wanauguza majeraha. Aliyeumia vibaya akiingizwa kwenye orodha ya majeruhi ya siku 60, nafasi yake kati ya 40 inakuwa wazi kwa muda. Chini ya hao 40 kuna vijana wengine zaidi ya mia, na hao hawana ulinzi huo.

Sasa, umeuliza kwa nini asiwekwe Norfolk. Aliwekwa, tena sana. Lakini mchezaji wa orodha ya 40 hashushwi ligi ya chini hivihivi. Kila akishushwa anatumia kitu kinachoitwa opsheni, na kwa kawaida anazo za misimu mitatu tu. Akikaa chini siku 20 au zaidi katika msimu mmoja, msimu huo umeliwa, awe amepanda na kushuka mara moja au mara nne. Tangu 2022 hata huko kupanda na kushuka kumewekewa mpaka: hashushwi zaidi ya mara tano kwa msimu. Zikiisha hizo tatu, klabu ikitaka kumshusha lazima kwanza impitishe kwenye weiva, ambako klabu nyingine 29 zinatazama, na yeyote anayemtaka anamchukua pamoja na mkataba wake. Aliyemlea miaka mitano anabaki mikono mitupu.

Kuna na mlango wa pili wa kupoteza mtu, nao unaitwa Kanuni ya 5. Kijana aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini yake, klabu ina misimu mitano ya kumlea nje ya orodha ya 40. Aliyesaini akiwa na miaka 19 au zaidi, misimu minne. Muda huo ukipita naye bado yuko nje, Desemba klabu yoyote yenye nafasi inaweza kumchagua kwa dola 100,000. Sharti ni kwamba imbakize kwenye ile orodha ya 26 msimu mzima, la sivyo imrudishe kwa klabu yake ya zamani kwa nusu ya bei. Wengi huona kanuni hii ni ya kutafuta makombo. Mimi nawakumbusha kwamba Roberto Clemente aliondoka Dodgers kwenda Pittsburgh kwa njia hiyohiyo mwaka 1954, na leo yumo kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli.

Kwa hiyo kila Novemba meneja mkuu anakaa na orodha ya 40 iliyojaa, na makinda watatu au wanne wanaotakiwa kuingizwa. Akiingiza mmoja, mmoja atoke. Hapo ndipo biashara nyingi za Julai zinapozaliwa: anaona Novemba inakuja, anaamua kuuza mapema yule ambaye angembana baadaye.

Sasa mtazame Stowers kwa macho hayo. Alipanda ligi kuu kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Kufikia Julai 2024, kwa misimu mitatu, alikuwa hajafikisha mechi 70 akiwa na Orioles. Anapanda, anapiga kidogo, anashushwa. Mbele yake kwenye uwanja wa nje walikuwapo Anthony Santander, aliyemaliza mwaka ule na homurani 44, Cedric Mullins, na Colton Cowser aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza kamili. Nyuma yake alikuwa anagonga mlango Heston Kjerstad, chaguo la pili la drafti nzima ya 2020, yaani zoezi la kila mwaka ambapo klabu huchagua vijana wapya kwa zamu. Norby naye alikuwa mtu wa uwanja wa ndani katika klabu yenye Gunnar Henderson, Jordan Westburg na Jackson Holliday, na Coby Mayo alikuwa njiani. Mayo alipandishwa siku chache tu baada ya biashara ile. Mwambie kijana wako ajiulize: Norby angecheza wapi?

Ingekuwa soka, jibu ni rahisi. Stowers angepelekwa kwa mkopo mahali anapocheza kila siku, akaiva, akarudi. Besiboli ya Marekani haina mkopo. Wala huwezi kununua mrushaji kwa kutoa ada ya uhamisho kama tulivyozoea kwenye dirisha la usajili la kwetu. Unatoa watu ili upate watu. Hata nafasi za drafti haziuzwi, isipokuwa zile chache wanazopewa wenye masoko madogo; ndiyo maana Orioles walipomchukua Corbin Burnes kutoka Milwaukee, Februari 2024, waliweza kuongeza chaguo la 34 juu ya Joey Ortiz na DL Hall.

Na Julai 2024 uhitaji wao wa warushaji ulikuwa wa kweli kabisa. Kyle Bradish, John Means na Tyler Wells wote walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa kiwiko. Huwezi kwenda kwenye mechi za mtoano na Burnes peke yake.

Hapa nataka ulinganishe biashara tatu za wiki ileile, maana bei haieleweki ukiitazama moja. Kwanza, Orioles wenyewe walimchukua Zach Eflin kutoka Tampa Bay wakatoa makinda watatu, wote wa drafti ya 2023. Hao walikuwa mbali na ligi kuu na hawakuwa na haja ya kuingia kwenye orodha ya 40 kwa muda mrefu. Pili, Houston walimchukua Yusei Kikuchi kutoka Toronto, mrushaji ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha msimu uleule, wakatoa vijana watatu. Watatu kwa miezi miwili! Tatu ndiyo hii ya kwetu: tarehe 30 Julai, saa za mwisho, Stowers na Norby kwa Rogers, ambaye Orioles wangekuwa naye hadi mwisho wa 2026. Kwa soko la wiki ile, watu wawili waliokosa nafasi kwa mrushaji wa kuanza wa misimu miwili na nusu haikuwa bei ya kichaa. Warushaji wakubwa zaidi waliotajwatajwa wakati ule, Garrett Crochet na Tarik Skubal, hawakuuzwa kabisa. Crochet aliuzwa Desemba, na Boston walilazimika kutoa makinda wanne.

Lakini sikubaliani na wanaosema Orioles hawakukosea popote. Kosa naliona katika mambo mawili. La kwanza ni kuchelewa. Klabu zote zilijua kwamba Baltimore wana wapigaji vijana waliorundikana na hawana warushaji. Ukienda sokoni siku ya mwisho huku kila muuzaji anajua shida yako, bei anapanga yeye. Rundo lile halikuanza Julai. Lilionekana tangu majira ya baridi, na wakati huo mmoja wa hao wawili, pamoja na kinda wa mbali, pengine angetosha. La pili ni kwamba walitoa wawili waliokuwa tayari kucheza kesho yake kwa mrushaji aliyekuwa anahitaji matengenezo. Rogers alikuwa nyota wa 2021, akashika nafasi ya pili kwenye tuzo ya mgeni bora wa ligi yake, yaani mchezaji bora wa msimu wa kwanza, kisha majeraha na kasi iliyoshuka vikamrudisha nyuma. Mtu wa namna hiyo ananunuliwa na klabu yenye muda. Orioles walikuwa wanakimbizana na ubingwa wa Oktoba.

Yaliyofuata unayajua, nayataja ili kijana ayapange. Rogers alianza mechi nne akaruhusu wastani wa pointi 7.11 kwa kila ininga tisa, yaani kwa mechi nzima, na Agosti akashushwa Norfolk. Timu ilishinda mechi 91 kisha ikatolewa na Kansas City kwa mechi mbili mfululizo, 1-0 na 2-1. Ndiyo, pointi moja tu katika mechi mbili: kikosi kilichouza wapigaji kilikufa kwa kukosa mpigaji. Mwaka 2025 Rogers alirudi Mei baada ya jeraha la goti, akaanza mechi 18 kwa wastani wa 1.81. Huo ni urushaji wa kiwango cha juu kabisa, mtu yeyote angeutamani. Ila msimu ulikuwa umeshazama. Kocha mkuu Brandon Hyde alikuwa amefukuzwa Mei, na timu ikamaliza na ushindi wa mechi 75, mkiani mwa kundi lake. Stowers naye, ambaye miezi yake ya kwanza Miami alipiga vibaya, alipewa kitu ambacho Baltimore hawakuwa nacho cha kumpa, yaani kucheza kila siku hata akikosea. Akapiga homurani 25 na kuchaguliwa kwenye mechi ya nyota wote.

Kwa hiyo ukiulizwa nani alishinda, usihesabu homurani za Jumapili moja. Hesabu misimu. Orioles walimpata Rogers hadi mwisho wa 2026, Miami waliwapata Stowers na Norby kwa miaka mingi zaidi na kwa mishahara midogo. Kwa hesabu hiyo naiona Miami iko mbele, na pengo litakua. Mchezaji anahitaji misimu sita ya utumishi ili awe huru kwenda anakotaka, na msimu mmoja unahesabiwa akifikisha siku 172 kwenye ligi kuu. Mitatu ya mwanzo kwa kawaida analipwa karibu na kima cha chini, kilichokuwa dola 740,000 mwaka 2024. Hiyo ndiyo miaka ambayo klabu zinaigombania.

Kanuni hiyo ya siku 172 imewahi kutumiwa vibaya, na inaniuma kila nikiisoma. Mwaka 2015 Cubs wa Chicago walimchelewesha Kris Bryant wiki mbili za mwanzo, akamaliza na siku 171. Siku moja tu, na klabu ikampata mwaka mzima wa ziada. Alilalamika kwa njia rasmi akashindwa mwaka 2020. Mkataba wa 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji umepunguza uovu huo: kinda akimaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za mgeni bora anapewa mwaka mzima wa utumishi hata kama alipandishwa kwa kuchelewa. Adley Rutschman wenu alipandishwa Mei 21, 2022, akashika nafasi ya pili, akapewa mwaka wake kamili. Kwa hiyo Orioles watakuwa naye hadi 2027, mwaka mmoja pungufu ya walivyopanga.

Kuhusu Uganda: Umar Male na Ben Serunkuma walisajiliwa na Dodgers mwaka 2022, wote warushaji. Kusajiliwa huko ni kuingia kwenye lile kundi kubwa la chini, wala hakukuwaweka kwenye orodha ya 40. Faida kwao ni kwamba saa ya Kanuni ya 5 huanza kuhesabu tangu usajili, hivyo klabu haiwezi kuwaweka kando milele bila kuamua. Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza ligi kuu, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, alifika Pittsburgh Aprili 2017, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapata pigo safi. Nawaombea hao wawili waifikie siku kama hiyo.

Kwa kijana wako, nina kazi ndogo ya kumpa. Achukue daftari, aandike majina 40 ya Orioles, na mbele ya kila jina aandike vitu viwili: opsheni ngapi zimebaki na mwaka gani anakuwa huru. Kisha azungushe duara kwa kila mpigaji ambaye opsheni zimemwishia na hana namba ya kudumu. Julai ikikaribia, aanze kusikiliza nani anapigiwa simu kati ya hao wenye duara.