Historia ya sanaa ina kazi? Majibu yangu kwa wanaoomba chuo

Kipindi cha udahili kikifika, wadogo zangu huniuliza swali lile lile: "Dada, hiyo historia ya sanaa ina kazi kweli?" Nawaelewa. Nilipoichagua, mjomba alitaka kujua kama nitakula picha.

Leo nipo kampuni ya bima, idara ya madai. Naandika ripoti za magari yaliyogongwa na maghala yaliyoungua, na sijawahi kuuza mchoro hata mmoja. Ila ujuzi unaonilipa mshahara niliupata nikiwa nimesimama mbele ya milango ya Mji Mkongwe, Zanzibar.

Zoezi lilikuwa hivi: chagua mlango mmoja, ueleze bila kutumia neno "mzuri", "wa kale" wala "unaashiria". Sehemu ya juu ni bapa au ina tao? Mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, una nakshi gani? Miimo, ile miti ya fremu iliyosimama pembeni, je? Misumari ya shaba imepangwaje, na inashika kitu au ni pambo tu? Ukishamaliza kuona ndipo unaruhusiwa kutoa hoja: kwamba ile ya juu bapa kwa kawaida ni ya mtindo uliotangulia, na yenye tao ilishamiri baadaye, karne ya 19 ikielekea ukingoni, ladha ya Kihindi ilipoingia. Ukikuta mwaka kwenye maandishi ya Kiarabu, kumbuka ni wa Hijria: 1286 ni 1869 au 1870.

Watu hudhani hilo ni jambo dogo. Jaribu kumwambia mtu aeleze gari lililogongwa. Atakuambia "limeharibika vibaya" na kumtaja mwenye kosa kabla hujajua hata mlango upi umebonyea.

Jambo la pili ni kuuliza habari imetoka wapi. Ukitembezwa Mji Mkongwe utaambiwa misumari ile ni ya kuzuia tembo. Tembo gani, Unguja? Wanaosimulia hivyo huihusisha na India, na hapo kuna cha kufuatilia, lakini kisa kusimuliwa na kila mtu hakukifanyi kuwa ushahidi. Kwenye madai ya bima nakutana na tembo wa namna hiyo kila wiki.

Halafu kuna kufuatilia njia ambayo kitu kimepita, mkono kwa mkono. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1990 mtafiti mmoja alikitambua kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, na kikarudi nyumbani mwaka 2010. Hesabu mwenyewe: miaka 20 tangu kitambuliwe. Kwenye mvutano wa kurudisha kitu kilichoibwa, huruma peke yake haifiki mbali. Kinachobeba kesi ni kumbukumbu: picha, maelezo, nani alikiandikisha na lini. Anayejua kutunza kumbukumbu hizo anafaa forodhani, benki, mahakamani na kwenye ofisi za ardhi. (Ofisi za ardhi hasa. Naishia hapo.)

Kuna pia Sam Ntiro, mchoraji na mwalimu wa Makerere, ambaye Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alipelekwa London kuwa Balozi wetu. Yeye alikuwa msanii, si mwanahistoria wa sanaa, lakini huwa namtaja kila mzee wa ukoo anapotamka kwamba mambo ya sanaa hayampeleki mtu popote.

Sasa ukweli mchungu. Nafasi za makumbusho ni chache na hugombewa. Kwetu somo hili mara nyingi huja ndani ya shahada pana ya sanaa, kwa hiyo mwajiri anaweza asielewe ulisoma nini hasa. Hesabu hutafundishwa. Ongeza kozi ya takwimu au uhasibu, hata kama itakushushia wastani kidogo. Ongeza na lugha: Kiarabu kwa anayependa pwani, Kireno kwa anayetaka kuwafuata Wamakonde mpaka Msumbiji. Likizo omba kujitolea makumbusho, na ukipewa kuchagua kati ya kutembeza wageni na kuorodhesha vitu stoo, nenda stoo. Kule utajifunza kupima, kupiga picha, kutoa namba na kuandika kadi ambayo mtu mwingine ataielewa wewe ukiwa haupo.

Kwenye wasifu wako usiandike "nina fikra tunduizi". Kila mwombaji ameandika. Nenda kwenye usaili na ukurasa mmoja: picha ya kitu kimoja, maelezo yake, ulichohitimisha na ushahidi wako. Mwombe anayekusaili aitazame picha dakika moja kabla hajasoma, kisha akuambie ameona nini. Akimaliza, mpe ukurasa ausome.