Gauni na maua kwa harusi ya ufukweni Januari

Dada, umeuliza kama satini nzito na maua mabichi vitafaa harusi ya ufukweni Dar mwezi Januari. Satini ya poliesta iache: haipitishi hewa, na doa la jasho kwapani litaonekana kwenye kila picha. Shona shifoni yenye bitana ya pamba. Shela ndefu inapendeza, ila upepo wa kaskazi utaipeperusha. Fundi atie kwenye pindo lake vyuma vidogo vya uzito, kama vya pazia.

Kwa maua, haidrenjia wapambaji huipenda kwa kuwa inajaza meza (na bili), lakini hunyauka upesi juani. Okidi na anthuriamu huvumilia. Waridi likatwe mshazari sentimita 2 za mwisho wa shina, kisha shina likae ndani ya maji usiku kucha. Keki ya krimu ya siagi itolewe kwenye friji dakika za mwisho.