Mabuyu au ubuyu?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Unguja. Kila nikisema nimenunua mabuyu, mavyaa wangu hucheka na kunisahihisha: "Sema ubuyu, mwanangu." Nani kakosea? Na je, kibuyu cha maji hutokana na mti huohuo?

JIBU: Tuanze na tunda lenyewe. Lile linaloning'inia kwa kikonyo kirefu, lenye ganda gumu na vinyweleo laini kama mahameli, ndilo buyu. Yakiwa mengi ni mabuyu. Ligonge kwenye jiwe lipasuke: ndani mna vipande vyeupe, vikavu, vilivyoshikana kwa nyuzi nyekundu, na kila kipande kimefunika kokwa. Ule weupe mkali unaokunjisha uso ndio ubuyu. Nao hauhesabiki: ubuyu umelowa, ubuyu umekwisha. Mti ni mbuyu, mibuyu. Mkwaju nao hufanana: mti mkwaju, kinacholiwa ukwaju.

Kwa hiyo kwa kanuni ya ngeli, mavyaa wako ana haki. Lakini zile kokwa zilizopikwa kwa sukari, rangi nyekundu, iliki na pilipili, mtoto wa Mombasa huzitia kinywani moja moja na kuzitema moja moja. Wingi wa ma- unamkaa vizuri. Kenya wamelizoea neno hilo kwa maana hiyo, na neno linaloeleweka na muuzaji na mnunuzi mimi silipigi kalamu nyekundu. Ningekuwa mkali kwenye maelezo ya mapishi tu. Ukiandika "mabuyu mawili", mpishi wa Unguja atatafuta jiwe apasue maganda mawili. Andika "vijiko viwili vya ubuyu".

Kibuyu kina kisa kingine. Kwa umbo la neno ni buyu lililopewa ki- ya udogo, lakini chombo chenyewe kwa kawaida hutokana na mumunye, tunda la mmea utambaao, ambalo hukaushwa na kukombwa ndani. (Ndilo lile mumunye la methali, linaloharibikia ukubwani.) Mbuyu hauhusiki hapo. Ganda la buyu nalo limetumika kutekea maji, ndiyo maana buyu pia ni jina la chombo.

Mbuyu wenyewe hautoi mbao za maana, kwani mti wake ni laini mno. Faida yake iko kwingine. Gome hubanduliwa, likapondwa kupata nyuzi za kamba, nao mti hurudisha gome jipya. Wakamba wamezisokota nyuzi hizo wakasuka vyondo. Majani machanga ni mboga. Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi hupigilia vigingi kwenye shina wakapanda kama ngazi kufuata asali, na ubuyu ni chakula chao cha tangu na tangu.

Sasa tahadhari, maana umeolewa Tanzania. Shoga yako akikuambia "nipe ubuyu", usikimbilie kabatini, anataka umbea. Na ukifika mahali ukaambiwa shughuli yako haiendi mpaka uzunguke mbuyu, usiangaze macho kutafuta mti. Unaombwa rushwa.