Barua kwa mwanangu: pointi zako za kadi na safari ya Desemba

Mwanangu,

Huku nyumbani hatujambo. Umeniuliza kuhusu pointi zako 80,000 za kadi ya benki ya Chase ya huko Marekani: unataka kuja Dar Desemba, na hujui ukate tiketi kwenye tovuti ya benki au uzihamishie kwa shirika la ndege ziwe maili, yaani pointi za shirika hilo. Kabla ya yote nakuomba usihamishe hata pointi moja mpaka kiti umekiona. Pointi zikishatoka benki kwenda kwa shirika hazirudi. Ukihamisha leo, kesho ukakuta viti vya maili vimekwisha, utabaki na maili za shirika moja tu, na nyingine zina muda wa kufa. Za Aeroplan, mpango wa maili wa Air Canada, kwa mfano, hufa akaunti ikikaa miezi 18 bila kuguswa.

Anza na hesabu. Chukua bei ya tiketi kwa pesa, toa kodi na ada ambazo utalipa hata ukitumia maili, kinachobaki kigawanye kwa idadi ya maili. Tuseme kwenda na kurudi ni dola 1,900, na kwa maili wanataka 80,000 na dola 300 juu. Dola 1,600 kwa maili 80,000 ni senti 2 kwa kila pointi. Benki ikikugeuzia pointi hiyohiyo kuwa pesa itakupa senti 1, kwa hiyo hapo hamisha. Lakini tiketi ikiwa dola 1,100 na ada zikabaki 300, pointi yako imeshuka hadi senti 1 ileile. Hiyo lipa kwa pesa, pointi zitunze.

Sasa jambo linalowachanganya wengi: maili za shirika moja hukata tiketi ya ndege ya shirika lingine. Chase haina njia ya kupeleka pointi ShebaMiles, mpango wa maili wa Ethiopian, lakini inapeleka Aeroplan ya Air Canada, na mashirika hayo mawili yote yamo Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege. Basi unaingia kwenye tovuti ya Air Canada, unatafuta Washington kwenda Dar, na ndege inayotokea ni ya Ethiopian kupitia Addis Ababa. Aeroplan haikutozi ile ada ya ziada ambayo mashirika huiita ya mafuta, na hiyo peke yake inaweza kukuokolea mamia ya dola. Njia ya pili ni Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, maana KLM inatua Kilimanjaro na Dar. Huko ada ya ziada ipo, na bei ya maili hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo linganisha tarehe tatu nne kabla ya kuamua.

Tafuta kwenda peke yake, kisha kurudi peke yake. Ukitafuta vyote pamoja, siku moja mbaya ya kurudi inaweza kukuficha kiti kizuri cha kuja. Desemba ni kugombania: viti hufunguliwa karibu mwaka mzima kabla, na wiki ya kuelekea Krismasi huisha mapema sana. Ukiweza kuja mwanzoni mwa Desemba na kuondoka katikati ya Januari, utapata nafuu. Mara nyingine tovuti huonyesha kiti ambacho hakipo. Jaribu kukikata hadi ukurasa wa malipo, au piga simu kwa shirika wakuthibitishie, ndipo uhamishe. Uhamisho wenyewe mara nyingi ni dakika chache.

Majina yaangalie kwa makini. Jina kwenye akaunti ya maili lilingane na la benki, la sivyo uhamisho utakwama, na tiketi ifuate pasipoti. Kwenye tiketi utaona jina la ukoo, alama ya mkwaju (/), halafu majina mengine, mara nyingi yameshikana bila nafasi. Hilo lisikutishe. Kosa ni herufi iliyobadilika, au jina la ukoo kukaa mahali pa jina la kwanza. Hayo yarekebishwe siku ileile, usingoje uwanja wa ndege.

Umesema pia unafikiria kadi mpya kwa ajili ya bonasi, zile pointi za ziada benki inazompa mteja mpya akishatumia kiasi fulani. Sikukatazi, ila bonasi ya kutumia dola 4,000 kwa miezi mitatu ina maana tu kwa matumizi ambayo ungeyafanya vyovyote, na bili unailipa yote kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, deni la dola 4,000 linakula dola 80 kila mwezi. Na tafadhali sana, mwanangu, hela ya kututumia usiitume kwa kadi hiyo. Benki nyingi huihesabu kama pesa taslimu uliyokopa: haikupi pointi, inakata ada, mara nyingi asilimia 5, na riba inaanza siku hiyohiyo. Kwa dola 500 ni 25 zimekwenda bure. Tuma kwa akaunti yako ya kawaida.

Lile la kunihamishia mimi pointi nije kwako halina haja. Kutoka kwenye akaunti yako mwenyewe unaweza kukata tiketi kwa jina langu.

Usiunganishe tiketi mbili tofauti, moja ya maili hadi Nairobi na nyingine ya pesa hadi Dar, bila kuacha nafasi kubwa katikati. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu nawe. Soma pia habari ya mabegi kabla ya kulipa, maana tiketi nyingine za bei ya chini hazina hata begi moja.

Ukipata kiti, nitumie picha ya skrini yenye tarehe, maili na ada, tuitazame pamoja kabla hujabonyeza.

Mama yako