Mtego wa taa na mbu wa dengi
Je, mtego wa taa usiponasa mbu wa jamii ya Aedes, ina maana hawapo? Hapana, kutowakuta humo si ushahidi kwamba hawapo. Mbu hao wanaoeneza homa ya dengi huuma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya jua kuzama, na taa haiwavuti kama inavyowavuta anofelesi, mbu wa malaria wanaouma usiku. Tumia mtego wa mayai: kopo jeusi, maji kiasi, kijiti cha mbao ndani. Mayai hunata juu kidogo ya usawa wa maji, meusi, madogo kama vumbi la mkaa. Mimi huyahesabu kwa lenzi. Ila tafadhali, kopo limwagwe na kusuguliwa kila wiki, la sivyo utakuwa unawafuga! Na mayai hayakupi idadi ya mbu wazima, yanaonyesha wanapotagia tu.