Itsukushima: angalia maji kabla ya kuangalia treni

Dada, umesema unakuja Hiroshima, Japani, kwa mafunzo na una siku moja tu ya mapumziko. Unauliza kama hekalu la Itsukushima, kisiwani Miyajima, linastahili siku hiyo, na kama asiye muumini wa Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, anaruhusiwa kuingia. Linastahili, na unaruhusiwa. Nimesoma Hiroshima, na kila mgeni aliyenijia nilimpeleka huko. Ila cha kwanza kuangalia ni maji, treni baadaye.

Hekalu lile limejengwa ufukweni juu ya nguzo, na lango lake kubwa jekundu limesimama baharini. Maji yakijaa, linaonekana kama linaelea. Yakipwa, lango linabaki kwenye tope na watu wanalifuata kwa miguu. Wewe umesema ni mtu wa Tanga, kwa hiyo hili unalijua: siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, utaona yote mawili kwa kupishana saa sita hivi. Maji yakiwa mafu, yaani hayajai sana wala hayapwi sana, hupati hata moja vizuri. Ratiba ya maji ya Miyajima ipo mtandaoni. Kuanzia sentimita 250 kwenda juu lango linaelea. Chini ya 100 unalifikia. Kama unaweza kuchagua siku, chagua kwa ratiba hiyo.

Ukilifikia, simama chini yake utazame juu. Hili lililopo lilisimamishwa 1875, kimo chake mita 16 hivi, uzito karibu tani 60. Nguzo zake kuu mbili ni magogo ya mkafuri, na mzingo wa kila moja unakaribia mita 10. Halikuchimbiwa ardhini! Limekaa kwa uzito wake wenyewe juu ya vigingi vya msonobari vilivyoshindiliwa kwenye tope, na boriti ya juu ni kasha lililojazwa mawe ya ukubwa wa ngumi, tani kadhaa, ili mawimbi yasilisukume. Chini utaona mwani umegandamana na mti, na kwenye nyufa sarafu ambazo wageni wamezichomeka. Tafadhali usichomeke ya kwako. Zinaumiza mti, na ukarabati uliokwisha 2022 ulichukua zaidi ya miaka mitatu.

Ndani ya hekalu, tazama sakafu. Mbao za ushoroba zimeachiwa nafasi kati yake, na maji yakijaa unayaona yakicheza chini ya miguu. Dhoruba ikija, bahari inapenya kwenye nafasi hizo badala ya kuinua sakafu nzima. Kwangu mimi hii ndiyo akili ya mahali pale. Kisiwa kizima kilihesabiwa kitakatifu, ndiyo maana hekalu likawekwa pembeni, juu ya maji, na hadi leo hakuna makaburi kisiwani. Umbo hili kubwa ni la zama za Taira no Kiyomori, kiongozi wa ukoo wa wapiganaji, mwaka 1168. Vimbunga vimelipiga mara nyingi, kile cha 2004 kilibomoa sehemu, na kila mara wamelijenga upya vilevile.

Kuhusu imani yako, hakuna atakayekuuliza. Wenyeji hunawa mikono, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, kisha huinama tena mara moja. Ukitaka kusimama kimya tu pembeni, hiyo ni heshima tosha. Kiingilio ni yeni 300.

Kutoka Hiroshima panda treni ya JR, kampuni ya reli ya Japani, hadi Miyajimaguchi, nusu saa hivi, halafu feri ya dakika kumi. Ile ya JR mchana hupita karibu na lango. Kisiwani kuna wanyama aina ya paa: wafiche karatasi na tiketi, wanazila. Siku yako ikiangukia maji mafu, nenda vilevile, ila muda mwingi upe mlima Misen, mita 535. Kuna njia ya miguu na gari la kebo, na juu kule unaiona Bahari ya Seto na visiwa vyake.