Maktaba na YouTube: maswali yenu wiki hii

*Maktaba yetu imefunga YouTube, vijana walikuwa wanamaliza bando kwa miziki. Tumekosea?*

Uchungu wa bando naujua ila kufunga kabisa mnawaumiza wanafunzi jamani. 2020 shule za Kenya zilipofungwa KICD (taasisi ya mitaala ya Kenya) walirusha masomo redioni, kwenye tivi na YouTube pia, na masomo ya aina hiyo yamejaa huko, sasa mtoto ambaye kwao hakuna simu janja akayaangalie wapi kama sio kwenu? Shusheni ubora wa picha ya video hadi 360p, mwalimu aliyesimama ubaoni hahitaji HD (144p hapana, maandishi hayasomeki), hedifoni iwe lazima na kila mtu nusu saa yake.

*Kila Jumamosi nawasomea watoto hadithi, naweza kurekodi nikaweka YouTube?*

Dada, kuwasomea pale mkekani haina shida, ila ukirekodi na kurusha unahitaji ruhusa ya mwandishi au mchapishaji hata kama kitabu mmekinunua kwa hela yenu. Ingia tovuti ya African Storybook, hadithi za Kiswahili zipo na leseni yake ni huria, wewe taja tu mwandishi na mchoraji. Ukiweka alama kwamba ni video ya watoto komenti zinazimwa zenyewe, hilo nalipenda sana. Na kamera ikuangalie wewe na kitabu, sura za watoto wa watu usizirushe kama wazazi hawajakubali.

*Video ya semina ya dakika 40 inagoma kupanda.*

Akaunti haijathibitishwa, mwisho wake dakika 15. Thibitisha kwa namba ya simu, tena ya ofisi!! Usiweke ya kijana wa fildi, akimaliza miezi yake mtabaki mnamtafuta ili muingie kwenye chaneli yenu wenyewe.

*Nimepata video ya wazee wakisimulia historia ya mji wetu, niidownload tuitunze?*

Mwalimu, masharti ya YouTube hayaruhusu kuichomoa kwa programu za pembeni, lakini pia usiiache hivihivi maana mwenyewe akiifuta leo kesho haipo. Mwandikie mwenye chaneli umuombe faili lenyewe pamoja na ruhusa, halafu andika nani anaongea, wapi, lini, nani alirekodi, kwasababu bila hayo mjukuu wa huyo mzee hataipata kamwe. Na mnazorekodi wenyewe tunzeni faili la kwanza kwenye diski mbili, YouTube inazibana video, ile sio stoo.